Jinsi ya Kuchagua Kapasita za Saketi ya Regulata ya Volteji, Hatua kwa Hatua

Mchoro wa saketi ya regulata ya volteji huonekana mwepesi mno: regulata yenyewe yenye miguu mitatu, inayoishikilia volteji ya kutokea isibadilike, kapasita moja upande wa kuingilia umeme na nyingine upande wa kutokea. Kwa sababu ya wepesi huo, wengi hunakili tarakimu walizoziona kwenye mchoro wa kwanza waliokutana nao, wakaunganisha kapasita yoyote yenye tarakimu hizo, na mara nyingi saketi ikafanya kazi. Tatizo huja pale inapofanya kazi vizuri mezani, kisha ikaanza kuyumba miezi kadhaa baadaye ndani ya kasha lenye joto, na fundi akabadilisha regulata moja baada ya nyingine ilhali kosa liko kwenye kapasita. Mwongozo huu unafuata mpangilio mmoja: kwanza kujua regulata inadai nini, kisha kutafuta kapasita ambayo, ikiwa ndani ya saketi pamoja na volteji na joto lake halisi, bado inatimiza madai hayo. Tarakimu iliyochapishwa kwenye kapasita ni mwanzo wa hesabu tu.

Mfano utakaotumika ni chanzo cha volti 5 chenye uwezo wa ampea 0.5, kinachotokana na transfoma ya volti 9 na regulata ya 7805. Chanzo hicho kinalisha pia regulata ya pili, ya aina ya 1117, inayotoa volti 3.3 kwa ajili ya moduli ya redio. Mfano huu umechaguliwa kwa makusudi, kwa kuwa regulata hizo mbili zina tabia zinazopingana kuhusu kapasita ya kutokea.

Hatua ya 1: Itambue regulata kwanza

Regulata za mstari (kwa Kiingereza linear) hugawanyika, kwa mahitaji yetu, katika makundi matatu. Kundi la kwanza ni la zamani, lenye familia ya 78xx na LM317, ambamo transista ya kupitishia mkondo ni ya aina ya NPN na mzigo umeunganishwa kwenye emita yake, mmoja wa miguu mitatu ya transista. Mpangilio huo huipa regulata ukinzani mdogo wa kutokea kwa asili yake, na hivyo mzunguko wa mrejesho wa ndani, yaani ule unaopima volteji ya kutokea na kuirekebisha, hubaki imara hata pasipo kapasita ya nje. Bei ya uimara huo ni kwamba volteji ya kuingilia lazima iizidi ya kutokea kwa takriban volti 2.

Kundi la pili ni la regulata zinazoridhika na tofauti ndogo ya volteji, zinazofahamika kwa herufi LDO, za vizazi vya mwanzo. Nyingi kati yake hupitisha mkondo kupitia transista ya aina ya pili, PNP, na mzigo huchukuliwa kwenye kolekta, mguu mwingine wa transista. Hapo kapasita ya kutokea si msaidizi tena, ni sehemu ya mzunguko wa mrejesho wenyewe. Ikiwa ndogo mno, au ikiwa na ukinzani wa ndani usiofaa, regulata hugeuka kuwa kizalishi cha mawimbi. Regulata ya 1117 haitumii transista moja ya PNP, bali muungano wa PNP na NPN, lakini kwa suala la kapasita iweke kundi hili. Regulata za volteji hasi za 79xx nazo zina deni kama hilo: karatasi ya data ya familia hiyo hudai kapasita ya kutokea kwa ajili ya uimara, tantali ya mikrofaradi 1 au elektrolitiki ya alumini ya mikrofaradi 25 (aina hizi za kapasita zimeelezwa katika Hatua ya 5). Kwa hiyo anayejenga chanzo cha pande mbili, chanya na hasi, asinakili tu thamani za 7805 upande wa 7905.

Kundi la tatu ni LDO za kisasa zilizobuniwa mahsusi kwa kapasita za seramiki. MCP1700, kwa mfano, hutulia kwa mikrofaradi 1 ya seramiki.

Jihadhari na jina. Regulata zenye tarakimu 1117 hutengenezwa na makampuni mengi, na baadhi ya matoleo mapya yamebuniwa upya yakakubali seramiki wakati yale ya awali hayakubali. Soma karatasi ya data ya mtengenezaji yule yule ambaye alama yake iko juu ya kipande ulichokishika.

Hatua ya 2: Tafuta mambo manne kwenye karatasi ya data

Usiishie kwenye mchoro wa ukurasa wa kwanza. Nenda kwenye sehemu inayoeleza kapasita za nje, kwa kawaida karibu na mwisho, na uandike kwenye daftari lako mambo haya: thamani ya chini kabisa ya kapasita ya kutokea, kiwango kinachoruhusiwa cha ukinzani wake wa ndani, ambao kwenye karatasi huandikwa ESR, sharti la kapasita ya kuingilia pamoja na umbali unaotajwa, na kama kuna mguu wa ziada unaohitaji kapasita yake.

Kwa 7805 utakuta mikrofaradi 0.33 kwa kuingilia, pale regulata inapokuwa mbali na kapasita kubwa ya kuchujia, na mikrofaradi 0.1 kwa kutokea, ikielezwa kuwa inasaidia mabadiliko ya ghafla ya mzigo lakini si lazima kwa uimara. Kwa LM1117 utakuta mikrofaradi 10 za tantali kama kima cha chini, na ESR ya kati ya ohm 0.3 na ohm 22. Rudia kuisoma sentensi hiyo ya mwisho, kwa maana ndiyo inayorukwa kuliko zote: ukinzani wa ndani una kikomo cha chini pia. Kapasita iliyo bora kupita kiasi ni kosa hapa.

Hatua ya 3: Kokotoa kapasita kubwa ya kuchujia

Kabla ya lolote, kumbuka kwamba upande wa kwanza wa transfoma una umeme wa njia kuu unaoua. Fanya maunganisho yote umeme ukiwa umekatwa, funika ncha zote za upande huo, na utoe chaji ya kapasita kubwa kupitia rezista ya ohm mia chache badala ya kugusanisha miguu yake kwa bisibisi.

Baada ya rektifaya ya daraja, yaani dayodi nne zinazougeuza umeme wa AC kuwa wa upande mmoja, kapasita hujazwa mara mbili katika kila mzunguko wa umeme. Kwa umeme wa hezi 50, ni kila baada ya milisekunde 10. Kwa hezi 60, kila baada ya milisekunde 8.3. Kati ya kujazwa mara moja na nyingine kapasita ndiyo inayolisha mzigo peke yake, na volteji yake hushuka. Hesabu yake ni rahisi: thamani ya kapasita ni sawa na mkondo mara muda, kugawa kwa mshuko unaokubalika. Kwa ampea 0.5, milisekunde 10 na mshuko wa volti 2, tunapata mikrofaradi 2,500. Hesabu hii inaelemea upande wa usalama kidogo, kwa sababu kapasita huanza kujazwa tena kabla ya milisekunde 10 kwisha.

Je, mshuko wa volti 2 unavumilika? Transfoma ya volti 9 hutoa kilele cha volti 12.7, dayodi mbili za daraja zikala takriban 1.8, ikabaki karibu 10.9. Toa volti 2 za mshuko, na bonde la wimbi linakuwa 8.9, juu ya volti 7 ambazo 7805 inazihitaji. Sasa fanya hesabu hiyo hiyo umeme wa njia kuu ukiwa umeshuka kwa asilimia 10: kilele baada ya dayodi ni volti 9.6 hivi, na bonde ni 7.6. Bado tuko salama, ila nafasi iliyobaki ni kama nusu volti tu, na ndiyo maana hesabu ya siku mbaya hufanywa mapema. Elektrolitiki huuzwa zikiwa na tofauti inayoruhusiwa ya asilimia 20 juu au chini. Mikrofaradi 3,300 zikipungua kwa asilimia 20 huwa 2,640, zinazotosha, ilhali 2,200 hazitoshi hata zikiwa kamili. Basi tunachagua 3,300.

Kuongeza zaidi ya hapo, mathalani hadi 10,000, kunashawishi lakini hakuna faida kubwa. 7805 hupunguza viwimbi, yaani kupanda na kushuka huko kwa volteji, kwa zaidi ya desibeli 60, yaani zaidi ya mara 1,000, kwa hiyo volti 2 za viwimbi upande wa kuingilia huwa milivolti 2 au chini upande wa kutokea. Kapasita kubwa kupindukia hujazwa kwa mipigo mifupi na mikali zaidi ya mkondo, na mipigo hiyo huchosha dayodi na kuipasha transfoma joto.

Volteji ya kapasita hii ichaguliwe kwa siku ya juu, si ya kawaida. Transfoma ndogo isiyo na mzigo inaweza kutoa asilimia 20 zaidi ya volteji yake iliyoandikwa. Ongeza asilimia 10 za njia kuu, na kilele cha mfano wetu kinafika karibu volti 16 hata baada ya dayodi. Kapasita ya volti 16 itakuwa ukingoni kabisa. Chukua ya volti 25.

Mambo mawili ya mwisho kuhusu kapasita hii ni mkondo wa viwimbi na uhai. Mkondo unaoingia na kutoka kwenye kapasita ni mkubwa kuliko ule wa mzigo, mara nyingi kati ya mara 1.5 na mara 2. Kwa ampea 0.5 tafuta iliyoidhinishwa kwa ampea 1 au zaidi, na uhakikishe kwamba kiwango hicho kimetajwa kwa hezi 100 au 120, maana kapasita za vyanzo vya kisasa hupimwa kwa kilohezi 100, ambako tarakimu hupendeza zaidi. Kuhusu uhai, kanuni inayokubalika ni kwamba uhai wa elektrolitiki ya alumini huongezeka maradufu kwa kila nyuzi 10 za joto zinazopungua. Kapasita ya saa 2,000 kwa nyuzi 105, ikikaa kwenye nyuzi 65, itaishi kama saa 32,000, zaidi ya miaka mitatu na nusu ya kuwaka mfululizo. Ya saa 2,000 kwa nyuzi 85, mahali pale pale, itaishi saa 8,000, na hiyo haifiki mwaka. Usiiegemeze kapasita kwenye kipoza joto cha regulata, hata kama ndiko kwenye nafasi.

Hatua ya 4: Weka kapasita ndogo ya kuingilia

Kapasita kubwa ikiwa mbali, waya au njia ya shaba inayoiunganisha na regulata huwa na induktansi, yaani tabia ya kupinga mabadiliko ya ghafla ya mkondo, na regulata huona chanzo kinachositasita katika masafa ya juu. LM317 hudai mikrofaradi 0.1 ikiwa umbali huo unazidi takriban sentimita 15. Ushauri wangu ni kutokupima sentimita hata kidogo: weka kapasita hii kila mara, milimita chache kutoka kwenye mguu wa kuingilia. Kwa 7805 tumia seramiki ya mikrofaradi 0.33, ambayo kwenye mwili wake huandikwa 334, yaani 33 ikifuatiwa na sufuri nne kwa hesabu ya pikofaradi. Kwa namna hiyo hiyo 104 ni mikrofaradi 0.1, 105 ni 1, na 106 ni 10.

Kuna mtego mmoja pale ambapo saketi haina transfoma, bali huchomekwa kwa waya mrefu kwenye chanzo ambacho tayari kimewaka. Induktansi ya waya pamoja na seramiki yenye ukinzani mdogo sana hutengeneza mrindimo, na volteji kwenye mguu wa kuingilia inaweza kuruka hadi karibu mara mbili ya ile ya chanzo. Chanzo cha volti 12 hivyo hugonga volti 24 kwa kitambo kifupi, na LDO yenye kikomo cha volti 16 hufa siku ya kwanza bila sababu inayoonekana. Dawa ni kuweka elektrolitiki ya alumini ya mikrofaradi 47 hadi 100 sambamba na seramiki hiyo. Ukinzani wake wa ndani, ambao kwingine tunaulalamikia, hapa ndio unaouzima mrindimo.

Hatua ya 5: Chagua aina ya kapasita ya kutokea

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo.

Seramiki ina ESR ya milioh­m chache tu, haina upande chanya wala hasi, na haichakai kwa joto kama alumini. Hata hivyo herufi zake zina maana kubwa. X7R hubaki ndani ya asilimia 15 kutoka nyuzi 55 chini ya sufuri hadi nyuzi 125. X5R vivyo hivyo, lakini hadi nyuzi 85. Y5V inaruhusiwa kupoteza hadi asilimia 82 ndani ya kiwango chake cha joto, na kwa sababu hiyo haina kazi kwenye regulata. C0G ni thabiti kupita zote, ila hupatikana kwa thamani ndogo.

Elektrolitiki ya alumini hutoa mikrofaradi nyingi kwa gharama ndogo, lakini ESR yake haitulii: hupanda mara kadhaa kwenye baridi kali, na hupanda polepole kadiri maji yake ya ndani yanavyokauka. Mara nyingi karatasi ya kapasita ya kawaida haitaji ESR bali kipimo cha upotevu, tan δ, kwa hezi 120. Gawa kipimo hicho kwa zao la 2π, masafa na kapasitansi. Kwa mikrofaradi 47 na tan δ ya 0.14, jibu ni karibu ohm 4, nayo hupungua kiasi masafa yanapopanda.

Tantali iko katikati, ESR yake ikianzia sehemu chache za kumi za ohm na kufika ohm chache, na hubadilika kidogo kwa joto. Ubaya wake ni namna inavyokufa: hugeuka kuwa shoti, na ikiwa nyuma yake kuna chanzo chenye nguvu, huwaka moto. Kwa tantali za kawaida zenye manganizi, itumie kwa nusu ya volteji iliyochapishwa; kwenye volti 3.3 chukua ya volti 10, kwenye volti 5 pia ya 10 au zaidi. Siiweki upande wa kuingilia unaopokea mpigo wa mkondo wakati wa kuwasha, kwa sababu mpigo huo ndio unaoziua nyingi. Angalia pia alama: mstari kwenye mwili wa tantali ya kubandika juu ya bodi huonyesha upande chanya, ilhali mstari kwenye kopo la alumini huonyesha upande hasi. Anayehama kutoka aina moja kwenda nyingine bila kukumbuka hilo huiweka kinyume, na tantali haisamehi.

Turudi kwenye mfano. 7805 haina masharti, basi seramiki ya X7R ya mikrofaradi 0.1 karibu na mguu inatosha, na elektrolitiki ya mikrofaradi 47 au 100 inaweza kuongezwa kwa ajili ya mzigo. Ila LM317, ambayo ni ndugu yake, ina kituko kimoja: ni imara bila kapasita, ni imara kwa mikrofaradi 1 ya tantali, lakini thamani za kati ya pikofaradi 500 na 5,000 huileta kwenye mrindimo. Kwa hiyo kapasita ndogo ya nanofaradi 1 iliyowekwa peke yake kwa nia njema hudhuru.

Kwa 1117 ya toleo la zamani chagua tantali ya mikrofaradi 22, volti 10, yenye ESR ya kati ya ohm 0.5 na ohm 1. Kama unayo seramiki tu, iunganishe mfululizo na rezista ya ohm 0.5 ili kuipa ESR inayodaiwa. Na seramiki za mikrofaradi 0.1 zinazowekwa kando ya kila chipu huko mbele? Kwa kawaida hazidhuru, mradi jumla yake iwe ndogo sana ikilinganishwa na kapasita kuu. Mimi huizuia isizidi sehemu ya kumi. Kinachodhuru ni seramiki ya mikrofaradi 10 iliyobandikwa sambamba na tantali hapo hapo mguuni, maana katika masafa ya juu mkondo huifuata njia yenye ukinzani mdogo, na ESR ya tantali hubaki kama haipo.

Hatua ya 6: Pima ukubwa kwa mzigo, kisha punguza kwa volteji

Mzigo unapodai mkondo ghafla, regulata huchelewa kidogo kuitika, na kapasita ya kutokea hubeba pengo hilo. Mshuko wake una sehemu mbili: mkondo mara ESR, na mkondo mara muda wa kuchelewa kugawa kwa kapasitansi. Tuseme moduli yetu ya redio huruka kwa miliampea 300 inapoanza kurusha, na regulata huitika baada ya mikrosekunde 10. Kwa mikrofaradi 22 sehemu ya pili ni volti 0.14, kwa ESR ya ohm 0.5 sehemu ya kwanza ni volti 0.15. Kwa jumla tunakaribia volti 0.29, na volti 3.3 inakuwa kama 3.0, ukingo ambao moduli nyingi hazitaki kuuvuka. Ongeza elektrolitiki ya mikrofaradi 100 yenye ESR ndogo, iliyo bado ndani ya kiwango cha 1117, karibu na moduli yenyewe, na mshuko unapungua bila kuvunja sharti la regulata.

Sasa linganisha na LDO ya kisasa yenye seramiki ya mikrofaradi 10. Kwa hesabu hiyo hiyo mshuko ni volti 0.3. Lakini seramiki za X5R na X7R hupoteza kapasitansi zinapowekewa volteji ya moja kwa moja, na hasara hiyo haimo kabisa ndani ya zile asilimia 15 za joto. Kapasita ndogo ya mikrofaradi 10, volti 6.3, katika umbo la 0603 (msimbo wa ukubwa wa kipande), ikiwekewa volti 5 inaweza kupoteza zaidi ya nusu ya thamani yake. Ikibaki na 4, mshuko si volti 0.3 tena bali 0.75, na zaidi ya hapo, ile mikrofaradi ya chini ambayo LDO iliidai kwa ajili ya uimara huenda haipo. Watengenezaji wengi huchapisha mchoro wa kapasitansi dhidi ya volteji kwa kila kapasita. Huo ndio ukurasa wa kutazama kabla ya kuagiza. Ukiukosa, chukua umbo kubwa zaidi, 0805 au 1206, na volteji iliyochapishwa iwe walau mara mbili ya ile ya kazi, kisha hesabu kana kwamba nusu tu ya thamani ndiyo uliyonunua. Umbo lina uzito kuliko watu wanavyodhani: kapasita mbili zenye tarakimu zile zile na herufi zile zile, moja ndogo na moja kubwa, hazitoi kitu kimoja kwenye volti 5.

Hatua ya 7: Shughulikia mguu wa ziada na dayodi

LM317 ikiongezewa mikrofaradi 10 kutoka kwenye mguu wa kurekebishia hadi ardhini, uwezo wake wa kuzuia viwimbi hupanda kutoka desibeli 65 hivi hadi 80. Kwa saketi ya sauti hiyo ni faida kubwa kwa kapasita moja. Lakini kapasita hiyo huhifadhi chaji, na upande wa kutokea ukipigwa shoti, chaji hupita ndani ya regulata. Kwa volteji za hadi 25 zenye kapasita isiyozidi mikrofaradi 10 karatasi yake haidai ulinzi. Zaidi ya hapo weka dayodi ya 1N4002 kutoka mguu wa kurekebishia kwenda mguu wa kutokea, mstari wake ukielekea kutokea.

Dayodi nyingine huwekwa kutoka kutokea kwenda kuingilia, mstari ukielekea kuingilia, ili volteji ya kuingilia ikidondoka ghafla, kapasita kubwa ya kutokea imwage chaji yake nje ya regulata. Kwa familia ya 78xx hatari hiyo ni ya kweli zaidi volteji ya kutokea inapozidi 6 hivi.

LDO nyingine, kama LP2985, zina mguu wa kupunguza kelele unaopokea nanofaradi 10. Tumia C0G au ya filamu, kwa sababu mguu huo una ukinzani mkubwa na mvujo mdogo tu wa mkondo hubadilisha volteji ya kutokea. X7R mahali hapo ina ila nyingine: hugeuza mtikisiko kuwa volteji, na bodi ikigongwa kwa kidole, kugongwa huko huonekana kwenye oskiloskopu, kifaa kinachochora wimbi la volteji.

Hatua ya 8: Mahali pa kuunganisha

Kapasita za kuingilia na kutokea zirudi kwenye mguu wa ardhi wa regulata kwa njia fupi na pana. Mipigo ya mkondo inayoijaza kapasita kubwa isipite kwenye kipande cha ardhi kinachotumiwa na mguu wa regulata, kwani kila milivolti inayotokea kwenye kipande hicho hujumlishwa moja kwa moja kwenye volteji ya kutokea, na hakuna kapasita ya mbele itakayoiondoa.

Hatua ya 9: Jaribu kabla ya kufunga kasha

Unganisha mzigo wa kudumu, kisha ongeza na kuondoa rezista ya ohm 10 yenye uwezo wa wati 2 au zaidi kwenye volti 3.3, inayovuta ampea 0.33 hivi, kupitia MOSFET (transista inayotumika kama swichi) inayowashwa na kuzimwa mara mia chache kwa sekunde. Tazama upande wa kutokea kwa oskiloskopu iliyowekwa kwenye AC, huku waya wa ardhi wa kipimio ukiwa mfupi kadiri iwezekanavyo. Waya mrefu huonyesha mirindimo isiyokuwapo. Mshuko mmoja unaorudi taratibu ni dalili njema. Mirindimo miwili inavumilika. Mirindimo mingi inayofuatana humaanisha kwamba uimara umebaki mdogo, hata kama volteji ya wastani ni sahihi kabisa. Rudia jaribio kwa mzigo mdogo kabisa na kwa mzigo mkubwa kabisa, kwani regulata iliyotulia kwenye mmoja yaweza kuyumba kwenye mwingine.

Asiye na oskiloskopu aweke multimita kwenye AC upande wa kutokea, baada ya kuhakikisha kwamba multimita hiyo haisomi sehemu ya DC. Usomaji wa makumi ya milivolti, pamoja na regulata inayopata joto bila mzigo wa maana, huelekeza kwenye mtetemo. Usomaji wa sufuri hauthibitishi kitu, kwa sababu mtetemo huo kwa kawaida huwa wa makumi au mamia ya kilohezi, na multimita nyingi hazifiki huko.

Ikirindima, badilisha jambo moja kwa wakati. Anza kwa kufupisha njia ya kapasita ya kutokea. Kisha ondoa seramiki kubwa iliyo sambamba nayo, kama ipo. Kisha, kwa regulata inayodai ESR, ongeza rezista ya ohm 0.5 mfululizo, kwa inayokubali seramiki, ongeza kapasitansi halisi kwa kuchukua umbo kubwa zaidi badala ya tarakimu kubwa zaidi. Baada ya kutulia, poza bodi ndani ya friji ikiwa kwenye mfuko mkavu uliofungwa, iache mfukoni inapotoka ili isishike unyevu, na urudie jaribio ikiwa bado ya baridi, hasa kama kuna alumini upande wa kutokea.